Somo: Kushona Gauni la Mtindo wa Miaka ya 1950 kwa Usiku wa Zilipendwa

Kila Desemba, watu wanaporudi Kilimanjaro kwa sikukuu, sherehe za zilipendwa huwa nyingi hapa Moshi, na nguo ya kukodi mara nyingi haimkai mtu sawasawa. Ninapendekeza ushone mwenyewe gauni la kiuno kilichobana na sketi pana, umbo ambalo Christian Dior alilionyesha Paris tarehe 12 Februari 1947 na likatawala mitindo ya muongo uliofuata. Uzuri wake wote umo kiunoni na katika mwanguko wa sketi. Shanga na lesi zisubiri.

Kitenge cha pamba cha yadi 6, yaani takriban mita 5.5, chenye upana wa sentimita 115 hivi, kinatosha. Kifue na kukipiga pasi kabla ya kukikata, kwa kuwa pamba hupungua ikishika maji.

Kazi kubwa ni sketi. Pima kiuno chako, kisha gawanya kwa 6.28: kiuno cha sentimita 72 kinatoa 11.5, nao ndio umbali kutoka katikati ya duara hadi kwenye mstari wa mshono. Mstari wa kukata lazima uwe ndani zaidi, kwenye sentimita 10, ili ibaki 1.5 ya kushonea; ukikata kwenye 11.5 na kushona chini yake, kiuno kitafika karibu sentimita 82 na gauni litaning'inia. Kwa urefu wa sentimita 65, duara zima halienei kwenye upana wa kitenge, hivyo kata nusu duara mbili, upande ulionyooka ukifuata ukingo wa kitambaa, nawe uache 1.5 nyingine ya kuunganishia ubavuni. Mara tu baada ya kukata, pitisha mshono mmoja kuzunguka kiuno, sentimita 1.2 kutoka ukingoni, maana sehemu zilizokatwa mshazari huvutika hata kwa kushikwashikwa tu.

Sehemu ya juu, fuata blauzi isiyovutika inayokukaa vizuri. Weka dati (mikunjo inayoshonwa ili kubana kitambaa kifuate mwili) mbili mbele na mbili nyuma, na ujaribu ukiwa umevaa sidiria utakayoivaa siku hiyo.

Unganisha sehemu hizo mbili, weka zipu, kisha litundike gauni usiku kucha kabla ya kukunja pindo. Mafundi wengi wenye haraka huiruka hatua hii, nami naiona kuwa ndiyo inayotenganisha gauni lililoshonwa vizuri na lililolipuliwa: asubuhi utakuta sehemu za mshazari zimeshuka kuliko nyingine. Vaa viatu vya sherehe, na mtu akupimie kwa rula kutoka sakafuni kwenda juu, akitia alama za chaki pande zote.

Maswali ya wanakikundi

Shikamoo mwalimu. Ninayo doti ya kanga ya marehemu bibi. Je, inafaa?

Marahaba mwanangu. Inafaa sana, ila usikate duara, kwa sababu pindo la kanga limenyooka ilhali ukingo wa duara umepinda, na mkasi utapita katikati ya jina. Unganisha kanga zote mbili ubavuni upate karibu mita 3, kisha zikusanye kwa marinda kiunoni. Pindo na jina vitabaki chini, vikisomeka.

Sketi yangu imelala, haitanuki kama kwenye picha za zamani. Nifanye nini?

Dada yangu, sketi hizo zilinyanyuliwa na gagulo, yaani sketi ya ndani. Nunua pazia la neti ngumu kwenye mitumba ya Memorial, kata vipande virefu, vitie marinda na uvishone kwenye shumizi kuanzia usawa wa nyonga. Weka bitana chini yake, kwa kuwa neti hukwaruza miguu.

Kitenge changu kina maua yaliyosimama. Yatakaaje?

Kwenye nusu duara yatasimama mbele na nyuma, lakini ubavuni yatalala. Likikukera hilo, tumia marinda.