Kula Chennai bila ngano wala maziwa: maelekezo ya msindikizaji wa mgonjwa

Ukienda Chennai, kusini mwa India, kumsindikiza mgonjwa, yeye hospitali itampangia mlo. Wewe utajitafutia mwenyewe. Na kama huli ngano, wala huli chochote kitokacho kwa mnyama, watu wataanza kukuonea huruma kabla hujapanda ndege. Wasikutishe. Mimi nina siliaki, ugonjwa wa utumbo usiostahimili gluteni ya ngano, na nyama na maziwa niliacha siku nyingi, na nilipokuwa namuuguza shangazi, tukikaa kwenye nyumba za wageni za Greams Road, nilikula vizuri kuliko ninavyokula mahotelini Dar. Jiko la Kitamil, la wenyeji wa huko, limesimama juu ya mchele, dengu na nazi. Chakula unachokihitaji kimeshapikwa. Shughuli ni kuzuia kisimwagiwe samli dakika ya mwisho.

Anza na migahawa iliyoandikwa "pure veg" mlangoni. Humo hakuna nyama, hakuna samaki, na mayai pia hakuna, maana India yai huhesabiwa upande wa nyama. Lakini maziwa, mtindi, siagi na samli ni ruksa kabisa, kwa hiyo usilione bango ukajiachia. Nukta ya kijani ndani ya mraba kwenye pakiti za dukani ni hivyo hivyo: inakuhakikishia nyama haimo, haisemi neno juu ya maziwa. Geuza pakiti usome viungo. Upande wa menyu ulioandikwa "North Indian" uruke, ni naan, jibini na krimu mtindo mmoja. Wa Kichina uruke haraka zaidi: ile koliflawa nyekundu inayonukia vizuri imeviringishwa kwenye unga wa ngano na kumwagiwa sosi ya soya.

Asubuhi ndiyo saa yako. Agiza idli: mchele na dengu za urad zilizorowekwa, zikasagwa, zikalala usiku kucha zikaumuka, kisha zikapikwa kwa mvuke. Zinakuja nyeupe, laini, bado zina alama za kitambaa cha kupikia, na mtu wa pwani akizionja atakumbuka mkate wa kumimina usiotiwa sukari. Sema "plain idli". Ghee ni samli, kwa hiyo ghee idli jina lake linajieleza. Rava idli ni semolina, yaani ngano iliyosagwa chenga, na mtindi: adui zako wote wawili katika sahani moja.

Dosa ni unga ule ule wa kuumuka, ukatandazwa mwembamba juu ya chuma cha moto. Hapa nenda ukasimame karibu na mpishi, hawakatazi. Angalia mambo mawili. Kwanza, chuma hicho hicho kinapikiwa rava dosa? Ile ni ya semolina, na utaitambua kwa matundu yake kama wavu. Pili, anapaka nini? Mafuta ya kawaida sawa, lakini kuna anayechota samli kwa mazoea tu, bila kufikiri. Wapo pia wanaotia semolina kidogo kwenye unga wa dosa ili ikauke vizuri, kwa hiyo uliza. Mimi nikiona foleni ya rava dosa narudi kwenye idli zangu. Ukibahatika kupata pesarattu, ile dosa ya choroko ya watu wa Andhra, ichukue, ila ikataze isijazwe upma ndani, maana upma nayo ni semolina. Appam za Kerala ni vibibi vyetu kabisa, mchele na nazi. Idiyappam ni tambi za mchele. Dosa ya ragi ni ya ulezi, lakini mara nyingi huchanganywa na unga mwingine. Usiiamini kwa rangi yake.

Sasa mvuje. Kwetu tunaujua kwa harufu na kwa kufukuzia husuda kwa watoto wachanga; kule unatiwa kwenye mchuzi wa sambar, kwenye rasam, ule mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili, kwenye unga wa pilipili wa podi, hata kwenye mafuta yaliyokaangiwa punje za haradali na majani ya mchuzi yanayomwagwa juu ya chatini. Mvuje wenyewe ni utomvu wa mmea, hauna neno. Tatizo ni kwamba ule wa kikopo, wa unga, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano ili usishikane. Imeandikwa pale pale kwenye kikopo kwa herufi ndogo. Kitamil unaitwa perungayam. Kiasi kinachoingia sufuriani ni kidogo, na najua wenye siliaki wanaokipuuza, mimi sikipuuzi. Namwomba mhudumu anionyeshe kikopo. Wengine wanacheka, wengine wanakileta. Kisipoletwa, nakula idli kwa chatini ya nazi isiyomwagiwa mafuta ya viungo, na sambar naiacha ipite, ingawa ni mchuzi wa mbaazi na ukwaju na roho inauma.

Mchana utakutana na "meals", wali kwenye jani la mgomba. Mhudumu anapita na ndoo ndogo ndogo: mboga iliyokaangwa na nazi, mboga ya dengu, sambar, rasam. Mboga ya nazi ndiyo kimbilio langu, ila ulizia mvuje hapo pia. Nyuma yake anakuja kijana na kikopo cha samli. Haulizi. Anamwaga tu juu ya wali wa kwanza, kwa ukarimu, na mlo wako umekwisha. Ukimwona anakaribia, funika wali kwa mkono wa kushoto na useme "nei vendam", samli sitaki. Kiganja kinafanya kazi kuliko maneno. Bakuli la mtindi na la payasam lirudishe mapema. Payasam ni uji mtamu, kwa kawaida wa maziwa, na mara nyingi tambi za ngano zimo. Papadi ni ya dengu, lakini imekaangwa kwenye mafuta gani? Kama poori za ngano zinapita karaini mle mle, iache. Vada na bajia nazo nazikwepa kwa sababu hiyo hiyo.

Usimwambie mtu "gluteni". Hata "ngano" peke yake haitoshi, atafikiria chapati na parota tu. Mwombe msimamizi wa nyumba ya wageni akuandikie karatasi kwa Kitamil, yenye majina yote: nikila godumai (ngano), maida (unga mweupe wa ngano), atta (unga wa chapati), rava (semolina) au semiya (tambi za ngano) naugua, sili nei (samli), vennai (siagi), paal (maziwa), thayir (mtindi) wala mor (mtindi wa maji), je, perungayam yenu ina unga wa ngano? Neno "naugua" lisikosekane. Bila hilo wanadhani uko kwenye mfungo, na mfungo una nafuu zake. Ipige picha karatasi hiyo kwa simu, maana ile yenyewe italowa rasam siku ya pili.

Vinywaji ni rahisi. Chai na kahawa zao ni za maziwa, chai huchemshwa nayo kabisa, kwa hiyo agiza ya rangi na usubiri. Madafu yapo kila kona, yanaitwa elaneer. Uji wa ulezi wa mikokoteni, koozh, ni mtamu, lakini wengi huuchanganya na mtindi mapema. Ukikuta umeshachanganywa, basi.

Jioni ndiyo taabu, kwa sababu migahawa mingi inageukia parota na chapati, na unga unaruka jikoni kote. Ndiyo maana nakushauri uchukue chumba chenye jiko. Maduka ya mtaani huuza unga wa idli na dosa uliokwisha kusagwa, kwenye mifuko ya plastiki, baridi kutoka kwenye friji. Soma viungo: mchele, urad, pengine uwatu, maji, chumvi, basi. Nunua na kikaango kipya cha bei nafuu, cha nyumba ya wageni kimeshapikiwa chapati za watu. Mfuko ukishafunguliwa umalize kesho yake, na usiuache juu ya meza mchana kutwa ukiwa hospitalini. Joto la Chennai litauchachusha hadi ufurike.