Ukimpeleka mgonjwa wa kifua Kibong'oto

Nilimsindikiza baba Kibong'oto, hospitali ya Siha, Kilimanjaro, inayotibu kifua kikuu tangu 1926. Beba sweta, baridi ya usiku kule haina mchezo. Barua ya rufaa, picha ya eksirei na dawa zote alizokwishatumia, hata maganda matupu, tia mfuko mmoja. Daktari atauliza.

Kazi iko kwenye makohozi ya kupimwa. Alfajiri, kabla hajala, asukutue kwa maji matupu, atoke nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili, kisha akohoe kutoka kifuani. Baba alitema mate tu, muuguzi akainua kikopo kwenye mwanga: "Mzee, haya mate. Nataka mzigo wa kifuani." Funga kifuniko kikaze. Dawa za TB hazilipiwi, ila tenga nauli ya kurudi kumwona mgonjwa wako.