Jero lako (sarafu ya shilingi 500) lina kosa la kiwandani au limechakaa tu? Cheki hivi

Juzi mpwa wangu kaniletea kopo limejaa sarafu za mia mbili na majero, kaona video eti sarafu yenye kosa ni mamilioni. Basi tukakesha nazo.

Hatua ya 1: Usizioshe. Si ndimu, si dawa ya meno, si mchanga.

Hatua ya 2: Tafuta lensi ya sonara, ile ya mara 10. Kamera ya simu siitaki kabisa kwenye hii kazi, inajichorea mistari yenyewe. Taa iweke ubavuni, isimulike toka juu.

Hatua ya 3: Panga tano za aina moja, linganisha. Mstari ulioinuka mara nyingi maana yake muhuri wa kugongea sarafu ulipasuka, chuma kikajaa kwenye ufa. Mstari uliozama ni mkwaruzo, achana nao. Ukingo ukionekana umeng'atwa, geukia upande unaotazamana nao: ukingo wa huko unatakiwa uwe umefifia. Kama umesimama fresh, huenda kuna mtu na tupa yake.

Hatua ya 4: Maandishi yanayoonekana mara mbili. Hapa tulia, maana mimi palinila hela. Nilinunua senti ya Marekani, herufi zina kivuli, nikajua hii ndugu yake ile maarufu ya 1955 yenye maandishi mawili mawili, nikakaa nayo kama masaa manne nazidi kujidanganya, kumbe muhuri ulikuwa umelegea tu, ulivyogonga ukateleza ukaiparua herufi. Hiyo haina thamani. Utaijua hivi: kivuli kiko bapa, kiko chini kama ngazi, na herufi yenyewe imekonda. Kosa la kweli limo ndani ya muhuri wenyewe, kwa hiyo herufi inanenepa, picha zote mbili zimevimba vizuri na ncha zinagawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Ila muhuri uliochoka nao unavimbisha herufi, lakini hizo ncha hazigawanyiki, zinakuwa na ukungu ukungu tu. Ukibaki na wasiwasi hesabu sio.

Hatua ya 5: Sumaku. Jero ni chuma kilichopakwa nikeli, lazima lidakwe. Senti za Marekani za 1943 nazo ni za chuma, chache sana zilitoka za shaba, ndo maana watu wanazipaka shaba zile za chuma, sumaku inawaumbua.

Kopo zima tulipata sarafu moja tu ya mia mbili, ina ufa kwenye simba. Zilizobaki dogo kapeleka kwa mangi, kafurahi huyo, chenji ilimsumbua wiki nzima.