Somo: Soma masharti ya kampuni ya vifaa vya zimamoto kabla hujabofya "Nakubali"

Siku hizi hata huduma ya mitungi ya kuzimia moto inaagizwa mtandaoni: unajaza fomu, unatumiwa profoma (ankara ya awali yenye bei), unalipa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, pana vigezo na masharti, na humo ndimo ilimoandikwa nani atabeba hasara duka likiungua.

Hatua ya 1. Masharti ya tovuti ni mbali, ya huduma ni mbali. Yale ya nembo na picha ruka. Angalia tu namba za simu unazojaza zinakwenda kwa nani. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka uelezwe zinakusanywa kwa ajili gani.

Hatua ya 2. Bei ya kwenye tovuti mara nyingi haiwafungi. Shika profoma, iwe imetaja aina ya mtungi, kilo, VAT na usafiri.

Hatua ya 3. "Huduma" ni nini hasa? Hapa ndipo penye mchezo. Kuna fundi anayefuta vumbi, anabandika stika mpya na kuondoka. Dai kazi ziorodheshwe. Mtungi wa poda: geji (kipimo cha presha) isomwe, pini, sili na mpira vikaguliwe, poda iangaliwe isiwe imeganda. Wa CO2 (gesi ya kaboni dioksidi) kwa kawaida hauna geji, kwa hiyo unapimwa uzito na kulinganishwa na ule uliogongwa kwenye chuma. Fundi aliyekuja bila mizani huo wa CO2 hajaukagua, hata akibandika stika tatu.

Hatua ya 4. Tafuta sentensi inayofanana na hii: "Dhima yetu haitazidi kiasi ulicholipa." Maana yake, umelipa laki moja na nusu, mali ya milioni 40 imeungua kwa sababu mtungi haukutoa kitu, utadai laki na nusu. Omba uzembe wa fundi utolewe kwenye ukomo huo, au wakuonyeshe bima yao. Wakikataa yote mawili, mimi ningehama.

Hatua ya 5. Wajibu wako. Kutazama geji kila mwezi, kutouhamisha mtungi, kutoutumia kuegeshea mlango (tunajuana!). Ukikiuka, wanajitoa. Weka daftari lenye tarehe na sahihi.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, nina gesti Morogoro, kampuni imenipa cheti. Zimamoto bado wana haki ya kunikagua?
Jibu: Ndiyo. Cheti cha kampuni kinathibitisha kazi yake tu. Ukaguzi wa kinga na tahadhari za moto ni wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria ya 2007. Tozo yake usimpe fundi mkononi.

Swali: Nilishabofya bila kusoma. Ndiyo nimefungwa?
Jibu: Kwa kawaida ndiyo, dada yangu. Ila Sheria ya Mikataba, Sura 345, inataka ridhaa iwe huru. Kama ulidanganywa, unaweza kuukataa mkataba. Piga skrinishoti ya masharti leo, maana kurasa hizi hubadilishwa.

Swali: Tovuti yao ina kitufe cha "Dharura". Moto ukiwaka nibonyeze hicho?
Jibu: Hapana. Toka nje, piga 114. Hao utawaandikia kesho yake.