Gari Jipya Likiwa na Kasoro ya Kiwandani: Namna ya Kulinda Haki Yako Nchini Kenya

Mnunuzi aliyelipa mamilioni ya shilingi kwa gari jipya huona haya kulalamika wiki ya kwanza. Hujiambia kwamba labda hajalizoea, kwamba mlio ule wa gia utapotea gari likishatembea kidogo. Kusubiri huko ndiko kunakomponza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inamhesabu mnunuzi kuwa amelikubali gari iwapo atakaa nalo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba analikataa. Na akishalikubali, haki ya kulirudisha humponyoka, akabaki na haki ya kudai fidia tu. Majimbo ya Marekani yana sheria zinazoangalia gari limerudi gereji mara ngapi kwa tatizo lile lile kabla ya mnunuzi kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, lakini Kenya haina sheria ya namna hiyo. Kwa hiyo siku unapoliona tatizo ndiyo siku ya kuliandika.

Andika tarehe, kilomita zilizosomeka, na hali ilivyokuwa: injini ilikuwa baridi au imepata moto, ulikuwa ukipanda mlima au umekwama kwenye foleni, mvua ilinyesha au la. Kasoro nyingi huja na kuondoka, na hupotea gari linapofikishwa mbele ya fundi, hivyo irekodi video yenye sauti, na uipige picha taa ya onyo kwenye dashibodi kabla hujazima injini. Usimruhusu fundi wa mtaani, hata awe stadi namna gani, kufungua sehemu yoyote au kufuta kumbukumbu za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, kwa kuwa utakuwa umempa muuzaji sababu ya kuikataa waranti na umepoteza ushahidi wako mwenyewe. Tatizo likiwa la breki, usukani, mifuko ya hewa au mafuta yanayovuja, usiliendeshe tena. Mwambie muuzaji alivute.

Gereji ya muuzaji ndipo mambo mengi huharibikia, na hasa kwenye jobu kadi, karatasi ambayo gereji huandika tatizo la gari na kazi iliyofanywa. Mpokezi akiandika "kuangalia gari", basi kumbukumbu itaonyesha kwamba hukulalamikia jambo lolote mahususi. Sisitiza aandike maneno yako: "gia ya pili inakataa kuingia injini ikiwa baridi." Chukua nakala unapoliacha gari na nyingine unapolichukua, ikionyesha kilichopimwa na kilichobadilishwa. Mwombe fundi mkuu aende nawe barabarani. Ukiambiwa kwamba magari ya aina hiyo ndivyo yalivyo, omba uendeshe jingine la aina hiyo hiyo lililopo hapo, kisha utake jibu hilo kwa maandishi yenye sahihi.

Jibu jingine utakalolisikia ni kwamba ulitia mafuta machafu. Si jibu la kupuuzwa, kwani mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa yakichanganywa na dizeli. Tunza risiti za kituo unachotumia, na udai kipimo cha mafuta kilichofanywa, maana tuhuma tupu haithibitishi kitu.

Tatizo likirudi, mwandikie meneja barua na umpe nakala mwakilishi wa kampuni iliyotengeneza gari. Taja namba ya chesisi, tarehe za kila ziara, unachotaka (matengenezo, gari jingine au fedha zako) na siku ya mwisho ya kujibiwa. Unaweza kutaja kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Ripoti ya mkaguzi asiyehusika, kwa mfano AA Kenya, huipa barua hiyo uzito. Kama gari ni la mkopo, ijulishe benki, lakini usisimamishe malipo: deni la benki halingoji ugomvi wako na muuzaji.

Ukikosa jibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Kiasi hicho kinaweza kutosha gharama za matengenezo na usafiri. Dai la bei ya gari zima kwa kawaida litavuka kiwango hicho, nalo linahitaji mahakama ya ngazi ya juu, ambako ni vyema kuwa na wakili.

Siku ya kulichukua gari kutoka gereji, soma karatasi kabla ya kutia sahihi. Ikiwa inasema huna dai lingine lolote, kata maneno hayo kwa kalamu, kisha uandike: "Nimelipokea baada ya matengenezo, haki zangu zote zimebaki palepale."