Ofa mbili za kazi ya programu: nilivyozipima

Mwaka 2022 nilipata ofa mbili ndani ya wiki moja. Kampuni moja iliyoko eneo la Posta, Dar es Salaam, ilinipa shilingi 2,500,000 kwa mwezi. Ya San Francisco ilitaka nifanye kazi nikiwa nyumbani Sinza kwa dola 1,500, wakati ule kama 3,450,000.

Usilinganishe tarakimu za kwenye barua. Shika kalamu, ushushe kila ofa mpaka pesa inayofika mkononi. Kwenye 2,500,000 toa 10% ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, zibaki 2,250,000. PAYE yake, yaani kodi ya mshahara, ilikuwa 503,000. Nilikuwa pia na deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi: 15% ya mshahara, yaani 375,000. Nikabakiwa na 1,372,000, na hapo dola zikazidi kunivuta.

Ila kuna hesabu ya pili, na wengi huiruka. San Francisco walinitaka kama mkandarasi, siyo mwajiriwa. Kodi ningejilipia mwenyewe. Deni la Bodi lipo palepale, hata kama hakuna mwajiri wa kulikata. Ile 10% ya NSSF anayochangia mwajiri ningeikosa, pamoja na likizo ya siku 28 ambayo sheria humpa mwajiriwa. Nikiugua malaria, silipwi. Walitaja pia hisa za kupatikana kidogo kidogo kwa miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka huondoki na hata moja. Hisa za namna hiyo ziandikie sifuri.

Angalia saa. Kikao chao cha saa nne asubuhi huku ni saa mbili usiku, na majira yao ya baridi ni saa tatu. Mwanangu hulala saa mbili. Uliza pia: mfumo ukianguka usiku wa manane, anapigiwa nani, na analipwa?

Kilichonipa uamuzi ni swali moja: nani ataipitia kazi yangu? Omba nusu saa na mtu huyo mwenyewe, siyo ofisa utumishi. Yule wa Posta alinionyesha masahihisho aliyowaandikia vijana wake, kila kosa na sababu yake. Wale wengine walisema hawakaguani. Nilikuwa na uzoefu wa miaka miwili tu. Nilihitaji sana kusahihishwa.

Kabla ya kusaini, omba nyongeza kwa maandishi. Niliomba 2,800,000, nikapewa 2,700,000 na siku mbili za kufanyia kazi nyumbani. San Francisco niliwaandikia siku hiyohiyo, mistari minne, ili wampigie aliyenifuata kwenye orodha.