Somo: Kisiki hai, kurudisha miti shambani bila kununua miche

Wengi mnaulizia miche ya bure. Kabla hamjaenda kitaluni, pitieni mashamba yenu mtazame chini. Vile vichaka mnavyofyeka kila mwaka mkiandaa shamba, vya mgunga, mkole au mkwaju, mara nyingi ni miti iliyokatwa zamani, na mizizi yake imeshafika kwenye unyevu ambao mche wa kitalu utahangaika kuufikia. Huku Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miche mingi hufa kiangazi cha kwanza. Kisiki kimeshavizoea viangazi. Kisiki hai ndiyo njia ya kuyalea machipukizi yake mpaka yawe miti tena.

Jambo lenyewe si geni. Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa yawe akiba ya kiangazi, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliifuata desturi hiyo. Nchini Niger, tangu miaka ya 1980, wakulima wamerudisha miti kwenye takriban hekta milioni 5, sehemu kubwa kwa kulea visiki tu.

1. Chagua. Fanya kiangazi, kabla ya kuandaa shamba. Si lazima ulee visiki vyote. Acha njia ya plau kama unalima kwa ng'ombe. Kila kisiki kibakizie machipukizi mawili au matatu, yaliyonyooka na manene.

2. Pogolea. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Panga liwe kali. Kata ukipandisha, karibu na shina bila kulichubua. Ukikata kwa kushusha, tawi huchanika likaondoka na ganda, na wadudu hupitia hapo hapo. Ondoa matawi ya pembeni kuanzia chini hadi nusu ya urefu, basi. Wapo wanaotaka mti "msafi", wanaacha kishungi juu, upepo ukija unauinamisha. Ulivyokata ni kuni, na vyenye miiba vizungushie kisiki.

3. Weka alama. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha. Vibarua wa palizi hawajui mpango wako.

4. Tunza. Rudi kila baada ya miezi michache uondoe machipukizi mapya.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, tukishavuna, ng'ombe wa majirani wanaingia kula mabua. Nitawazuiaje?*

Peke yako huwezi, mama. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko panga. Kaeni na wafugaji kabla ya mavuno, mkubaliane njia ya mifugo na mashamba ya kulishia, ndipo mpeleke makubaliano hayo mkutano mkuu wa kijiji yawe sheria ndogo. Sheria ndogo iliyopitishwa wafugaji hawapo haimalizi kiangazi. Kondoa, mwaka 1979, mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, lakini maziwa na samadi viliondoka pia, kwa hiyo mimi siitamani njia hiyo.

*Kivuli hakitapunguza mtama?*

Kitapunguza usipopogolea kabla ya kupanda. Mkababu ndio una nafuu: hupukutisha majani wakati wa mvua, mtama unapata jua na udongo unapata rutuba. Ukiuona shambani, usiuguse.

*Nikilea mninga kwangu, si nitapasua mbao nitakavyo?*

Taratibu, kaka. Mninga na mpingo ni miti iliyohifadhiwa kisheria. Muone ofisa misitu wa wilaya kabla hujashika msumeno.

*Shamba langu liling'olewa visiki vyote na trekta. Nifanyeje?*

Anza na mipaka na kingo za korongo, trekta huwa haifiki huko. Angalia pia wanapolala mbuzi: mbegu za mgunga walizokula huota kwenye samadi yao. Ukikosa kabisa, hapo sasa nunua miche ya kienyeji. Ipande mvua zikishakolea, kwenye shimo lenye umbo la nusu mwezi ambalo upande wake ulio wazi unaelekea juu ya mteremko, maji yaingie.